Tairi Linalosimama Bila Upepo

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya matairi, nawaomba radhi kwa mwandiko huu. Herufi zangu zinalala upande mmoja, na mahali pengine nimeweka "l" panapotakiwa "r", kwa sababu ndivyo tunavyotamka huku kwetu. Nimesoma mpaka darasa la saba tu. Tena mkono wangu wa kulia ulivunjwa na ringi ya lori, kwa hiyo naandika sentensi moja, napumzika, naandika nyingine. Mkikuta neno halisomeki, lirukeni, msinicheke kwa sauti.

Vijana wa stendi ya Bariadi wananiita mstaafu. Ni utani wao. Umri wa kustaafu sijaufikia, hata ndevu zangu bado hazijaamua zitaota upande gani. Lakini mkono ulipokataa kushika nyundo niliacha kazi, na nadhani mtu aliyeacha kazi ana ruhusa ya kuisimulia. Siku hizi nakaa kwenye duka la mjomba wangu huko Sapiwi, nauza sabuni na betri za tochi. Wateja wakichelewa, naandika.

Najua mtanishuku. Mtajiuliza, huyu anatafuta nini kwetu, au ana matairi ya kutuuzia? Sishangai, maana kazi yetu inafanyika katikati ya watu wanaoshukiana. Mteja anamshuku fundi kwamba atabadilisha tairi zima aweke bovu. Fundi anamshuku mteja kwamba gari si lake. Wote wawili wanamshuku aliyeuza gari. Na mimi, kwa miaka yote niliyokaa gereji, nililishuku tairi lenyewe. Hapo sikukosea sana.

Aliyenifundisha ni Fundi Sayi, kwenye gereji ya hapo Bariadi. Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, na mguu wake wa kulia ulikuwa maarufu kuliko uso wake. Sayi hakupenda geji ya kupimia upepo. Gari likifika alilizunguka polepole, akipiga kila tairi teke moja na buti lake la ngozi, akisikiliza. "Hili linataka upepo kidogo. Hili limezidi. Hili lina mwiba, tafuteni." Tulikuwa tunatafuta, na mwiba tunaukuta. Madereva wa malori ya pamba walimwamini hivyo hivyo. Wengine walisimamisha gari barabarani, wakashusha kioo na kupiga kelele, "Sayi, njoo unipigie teke!" Naye alitoka akapiga, akainua kidole gumba, lori likaondoka.

Nami nilijifunza hilo teke. Lakini kwa siri nilikuwa nikipima na geji baada yake. Sikumwambia, maana angeniuliza, "Sasa wewe unamshuku nani?" nami sina ulimi wa kujibu. Mimi ni mtu wa aibu. Nikitazamwa na watu wawili kwa pamoja maneno yananikimbia.

Sasa nisikilizeni habari ya dada mmoja aitwaye Kabula, na gari lake dogo, na jinsi alivyokaribia kuingia mtaroni na mama yake kwa sababu sikuweza kumfanya aniamini.

Kabula alikuwa anafanya kazi kwenye zile ofisi mpya za serikali Lagangabilili. Gari lake lilikuwa dogo, la Kijerumani, la mtumba, jeusi, chini chini kama kobe. Alikuja asubuhi. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na matairi mawili mapya, mengine mawili yako kwenye buti, na mbele amekaa mama yake mzazi, mwanamke mzee aliyejifunga khanga mbili na kushika fimbo yake katikati ya magoti.

"Nataka mtoe haya, muweke haya," alisema Kabula. "Matairi mapya nimenunua mwenyewe Nyalikungu, shemeji yangu amesimama hapo hapo yakitolewa stoo. Kwa hiyo nayajua."

Sayi alizunguka gari. Teke, teke, teke, teke. Akasimama, akajikuna shingo.

"Binti, haya ya zamani yana kashata nzima kabisa. Tazama mistari yake ilivyo na kina. Mtu anatoa tairi lenye kashata namna hii?"

"Ni magumu. Nikipita kwenye changarawe mgongo wa mama unalia. Tairi gani haliwezi hata kubonyea?"

"Ni mazima haya. Na upepo yanao wote, nimeyasikia."

"Nimekuja kubadilisha matairi, sikuja kusikilizwa."

Sayi akanivuta pembeni. "Dogo, hili gari silielewi. Mtu anatoa matairi mazima anaweka mengine. Ama gari la wizi, ama kuna jambo."

Wakati huo huo Kabula alikuwa ametoa kichupa cha rangi ya kucha kwenye mkoba wake, rangi nyekundu. Akapiga alama kwenye kila tairi jipya, na kwenye kila tairi la zamani, na mwishoni akapiga alama kwenye ringi. Akavuta ndoo yetu, akaigeuza, akaikalia, magoti yakitazama mlango wa gereji.

"Endeleeni," alisema. "Mimi sina haraka."

Nilimkaribisha maji. Akakataa. Alikuwa na chupa yake, nayo ilikuwa katikati ya miguu.

Nilienda kumwamkia mama yake kwanza, kama inavyotakiwa. "Mwangaluka, mayu." Akaitikia vizuri, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, wa wapi. Nikamjibu nikitazama chini, kama tulivyolelewa, kwamba mtu mkubwa humkazii macho. Alifurahi kuongea Kisukuma. Akaniambia gari hili la mwanawe hajalipenda tangu lilipokuja.

Nikachukua geji. Kabla ya kupandisha gari kwenye jeki napenda kujua kila tairi lina upepo kiasi gani, maana tairi lenye upepo mwingi ukilifungua vibaya linaweza kukurushia chuma usoni. Tairi la kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu, sawa. La nne, la nyuma kushoto, mshale wa geji haukusogea. Nikaipuliza geji, nikarudia. Mshale umelala. Nikarudi tairi la kwanza, mshale ukaruka juu vizuri. Nikarudi la nne, kimya.

Nikamwita Sayi kwa sauti ndogo.

"Geji imekufa," alisema.

"Huku inafanya kazi, fundi. Hapa ndiyo haifanyi."

"Nimelipiga teke mimi. Limejaa."

Akalipiga tena. Kweli, lilitoa ule mlio wa tairi lililojaa. Akaliinamia, akabonyeza kile kijipini cha katikati ya valvu kwa ukucha. Tairi lenye upepo hapo linatoa sauti ya nyoka. Hili halikutoa hata pumzi. Lilikuwa tupu, lakini limesimama wima kama wenzake, limebeba gari na watu.

Sayi alilitazama buti lake muda mrefu.

Mama mzee alikuwa akifuatilia kupitia kioo. "Wanasemaje?" alimuuliza bintiye kwa Kisukuma.

"Wanasema tairi halina upepo."

"Halina upepo, nalo limesimama?" Alifungua mlango, akashuka na fimbo yake, akaenda kukaa kwenye benchi la muuza chai upande wa pili wa barabara. "Mimi sikai juu ya kitu kisichopumua na hakilali. Kiondoeni kwanza ndipo mniite."

Wadogo zangu, hayo ndiyo matairi yanayoitwa ranflati. Mkikutana nayo msipige teke, mtadanganywa. Ubavu wake umejazwa mpira mnene sana, kusudi upepo ukiisha gari lisilale, dereva aweze kusogea taratibu mpaka kwa fundi. Ndiyo maana gari linalotoka kiwandani na matairi hayo mara nyingi halina spea, halina jeki, halina hata spana ya gurudumu. Huko lilikotengenezwa fundi yupo karibu. Huku kwetu kati ya fundi na fundi kuna mashamba ya pamba na ng'ombe. Mtu anatembea nalo likiwa tupu, anatembea, anatembea, hajui, na ndani tairi linajisaga lenyewe. Ubavuni mwake kuna maandishi ya kulitambulisha. Yatafuteni kabla ya yote, alama inatofautiana kila kiwanda. Tena kwenye dashibodi huwa kuna taa ya kumwambia dereva kwamba upepo umepungua.

Nilienda kuitazama hiyo taa. Nikakuta pale ilipo pamebandikwa kipande cha utepe mweusi wa fundi umeme.

"Taa hii ameizika nani?" Sayi aliuliza.

"Aliyeniuzia gari," Kabula alijibu kutoka kwenye ndoo. "Alisema ni taa ya baridi ya Ulaya, huku haina kazi. Msiiguse."

"Binti, hiyo taa..."

"Nimesema msiiguse. Mkianza kugusa taa mtaniambia na injini mbovu."

Tukaacha. Tukaingia kwenye kufungua.

Gereji yetu haikuwa na mashine siku hizo. Kulibandua tairi gumu kwenye ringi tulikuwa tunalilaza chini, tunapandisha pikapu ya Sayi juu ya ubavu wake, uzito unalibandua. Tukafanya hivyo, tukianza na lile tupu. Pikapu ikapanda juu ya ranflati, ikakaa pale juu kama mbuzi juu ya kichuguu, na tairi halikubonyea hata kidogo. Kabula akaruka kutoka kwenye ndoo.

"Mnakanyaga tairi langu na gari! Mbele ya macho yangu!"

"Dada, ndivyo tunavyo..." nilianza, maneno yakaisha.

Sayi akasema, "Binti, ulisema hulitaki."

"Silitaki mimi, lakini bado ni langu!"

Mwishowe tuliweka jeki ndogo juu ya ubavu wa tairi, chini ya chasisi ya pikapu, tukapandisha taratibu huku tukimwagia maji ya sabuni. Jeki ikisukuma pikapu juu, inasukuma tairi chini. Likabanduka kwa mlio kama wa mti unaokatika. Hapo mkumbuke mambo mawili. Kwanza, upande wa pili wa valvu ndiko mnakoanzia na chuma, maana mle ndani kwenye valvu kuna kidude cha kupima upepo, ukikigonga umekiua. Pili, katikati ya ringi kuna bonde. Usipousukumia mdomo wa tairi ndani ya hilo bonde kwa goti lako, utavuta chuma mpaka jioni, na ranflati halikuonei huruma. Sayi alipinda chuma chake kimoja siku hiyo. Akakificha nyuma ya kompresa ili mteja asikione.

Tairi lilipotoka, Sayi alifanya kitu anachofanya kwa kila mteja. Hakulitupa pembeni. Alilibeba mpaka kwenye ndoo, akaliegemeza kwenye miguu ya Kabula.

"Tia mkono."

"Nitie mkono wapi?"

"Ndani. Mimi sikuelezi. Mkono wako utakueleza."

Hiyo ilikuwa sheria yake. Alisema macho ya mteja yanaweza kubishana na fundi, lakini mkono wake mwenyewe hatabishana nao. Kabula alikunja mkono wa blauzi, akaingiza vidole kama mtu anayechokonoa shimo la panya. Akatoa ngumi iliyojaa vipande vyeusi vidogo vidogo, vimelainika, kama majani ya chai yaliyochujwa. Ulikuwa mpira. Ubavu wa ndani ulikuwa umesagika wote, na pahali pengine nyuzi zilikuwa zinaonekana. Nje tairi lilikuwa zuri la kupiga picha.

"Limetembea tupu siku nyingi," Sayi alisema.

Nilidhani sasa ataelewa. Kabula alivitazama vile vipande, akavinusa, akanitazama mimi.

"Pikapu imekaa juu yake. Lazima lisagike."

Wadogo zangu, nilihisi masikio yanawaka. Tulipotoa mengine matatu tukamtaka atie mkono pia, makavu, hakuna unga. Yote matatu tulikuwa tumeyabandua kwa jeki ile ile, chini ya pikapu ile ile. Kabula alifuta mkono kwenye ndoo yetu, akakaa tena.

Tukafunga matairi mapya, kila ringi na alama yake nyekundu. Tukajaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye ubavu wa mlango wa dereva. Hapo ndipo pa kutazama, kile cha kwenye tairi siyo kipimo chako, kile ni cha mwisho kabisa ambacho tairi linaweza kuvumilia. Gari likashuka kutoka kwenye jeki, likanesa vizuri.

Sasa ikabaki sehemu ya kazi ambayo haifanywi na nyundo. Mtu aliyezoea ranflati ana mazoea mabaya. Tairi likitoboka anaendelea tu, maana zamani aliendelea na hakuna kilichotokea. Ukimpa tairi la kawaida bila kumwambia, umempa hatari mpya. Tairi la kawaida likiisha upepo linalala, linajikunja chini ya ringi, na ukikimbia nalo gari linakwenda linakotaka lenyewe. Halafu gari halina spea. Mpaka hayo ayasikie na ayakubali, kazi haijaisha.

Sayi alisema, "Kamweleze wewe. Mimi nimechoka naye, nitatukana."

Kabla ya kumweleza nilitaka kuwa na hakika. Tulikuwa na ringi moja ya chuma ya gari dogo lililokufa, ina tairi zuri la kawaida la kipimo kile kile. Nikalibeba, nikapandisha gari upande mmoja tena, nikalijaribu. Matundu yalikubali, katikati palikubali, nikazungusha kwa mkono kuona boliti hazigusi breki kwa ndani, maana boliti za ringi ya alumini zinaweza kuwa ndefu mno kwa ringi ya chuma. Likakaa vizuri.

"Unafanya nini?" Kabula alikuwa amesimama nyuma yangu. "Kwa nini unafunga gurudumu lako kwenye gari langu?"

"Najaribu, dada."

"Ujaribu gari la watu? Toa!"

Nikatoa. Nikasimama mbele yake, mikono ina sabuni. Nikaanza kueleza. Kwamba gari linataka spea sasa. Kwamba linataka jeki na spana. Kwamba tairi likitoboka asimame hapo hapo. Nilisema yote, nadhani, lakini niliyasema nikivitazama viatu vyake, kwa sababu ananizidi umri na ananizidi elimu, na ndivyo nilivyolelewa.

"Niangalie," alisema.

Sikuweza.

"Unaona? Hawezi kunitazama. Mtu anayesema kweli anatazama chini? Mmeona matairi manne nimekuja nayo mwenyewe, mmekosa pa kunikamatia, sasa mnataka kuniuzia la tano. Na jeki. Na spana. Kesho mtaniuzia usukani."

"Dada, si lazima ununue kwetu. Nunua popote."

"Popote ambapo ni kwa ndugu yako, siyo?"

Sayi alicheka kwa uchungu. Alisema, "Dogo, acha. Akiona ataamini."

Lakini mimi nililiona kichwani lile gari kwenye changarawe ya kwenda Lagangabilili, na mama mzee amekaa mbele. Kabula alikuwa anapakia matairi yake ya zamani, hata lile bovu, akihakikisha alama zake moja moja. Nikavuka barabara kwenda kwenye benchi la muuza chai.

"Mayu," nilisema, nikachuchumaa, macho chini. "Sasa lina upepo. Unaweza kupanda."

"Linapumua?"

"Linapumua. Lakini nisikilize, mayu. Yale ya zamani yalikuwa yanatembea hata yakifa. Haya yakifa yanalala. Ukiwa ndani ukaona gari linavuta upande mmoja kama ng'ombe anayekataa nira, au ukasikia chini panapiga kama mtu anatwanga, mwambie dada asimame. Asisogee mbele hata kidogo. Asitafute kivuli. Asimame hapo hapo."

"Umemwambia mwenyewe?"

"Nimemwambia. Hajaniamini. Anasema simtazami."

Alinitazama yeye, nadhani, maana nilihisi. Akasema, "Amekaa sana maofisini." Akanyanyuka kwa fimbo yake, akavuka.

Wakaondoka. Sayi alikaa chini akavua buti, akaitazama soli yake, akalivaa tena. Tangu siku hiyo alianza kutumia geji, ingawa ukiwa mbali bado alipiga teke kwanza.

Siku chache baadaye simu ikalia mchana. Namba ilikuwa imeandikwa kwenye ubao wa gereji, kumbe Kabula alikuwa ameichukua.

"Wewe ndiye yule asiyetazama watu?"

"Ndiyo, dada."

"Nimesimama njiani, nimeshapita nusu ya safari. Tairi limelala. Njoo na lile gurudumu lako. Uje wewe, asije mwingine."

Nilikwenda kwa bodaboda, gurudumu nimelifunga mgongoni kwa kamba za mpira, jeki na spana kwenye mfuko wa salfeti. Nikamkuta amesimama katikati ya gari na barabara, mikono kiunoni. Vijana wawili wa kuchunga ng'ombe walikuwa wamekaa mbali kidogo. Baadaye niliambiwa walitaka kumsaidia akawafukuza. Mama mzee alikuwa chini, amekaa kwenye khanga.

Tairi la mbele kulia lilikuwa limelala lakini halijakatika. Nilitazama alama nyuma kwenye vumbi. Gari lilikuwa limeanza kuyumba, halafu limesimama hatua chache tu baada ya hapo. Mbele kidogo barabara inaingia kwenye kalavati lisilo na ukuta, na chini kuna mawe.

"Ulisimama mapema, dada."

"Sikusimama mimi." Alimtazama mama yake. "Mimi niliona nifike pale kwenye nyumba. Huyu alianza kunipiga na fimbo mkononi. Ndani ya gari! Simama, simama, limekufa. Nilisimama kwa kukwepa fimbo."

Mama mzee alikuwa anachezea fimbo yake, anajifanya hasikii Kiswahili.

Nilipozungusha tairi nikaona kilichoingia. Kabula aliinama pamoja nami, bega kwa bega, ili nisifiche kitu.

"Msumari," alisema. "Nani aliyejua nitapita huku? Nani aliyekuwa na gurudumu tayari limeshapimwa?"

Nilielewa anachomaanisha. Nikachukua koleo, nikavuta polepole mbele ya macho yake, nikamwekea kiganjani. Ulikuwa mwiba, mweupe, mrefu kama kidole, wa yale matawi ya mgunga ambayo watu wanayakokota barabarani kwenda kuzungushia zizi. Wale vijana wa ng'ombe waliona, wakatazamana, wakainuka wakaondoka taratibu na ng'ombe wao.

Kabula aliushika ule mwiba muda. Hakuniomba radhi, wala mimi sikungoja radhi. Nilipandisha gari, nikatoa tairi, nikafunga gurudumu langu la chuma. Boliti nilizikaza kwa kuruka, moja, halafu ya upande wa pili, kama mnavyojua, nikashusha gari, nikazikaza tena likiwa chini. Nikakusanya vyombo vyangu.

"Sasa nitazame," alisema.

Safari hii nilijikaza nikainua macho. Ilikuwa kazi kuliko kuinua gari.

"Hili gurudumu litafika Lagangabilili?"

"Litafika, dada."

Alinikagua uso kama anasoma karatasi ya mtu mwingine. Mimi nikakazana nisiangalie chini, mpaka machozi yakaanza kutoka kwa kutokupepesa.

"Bado sikuamini," alisema. Akafungua mlango wa nyuma. "Mwambie wa bodaboda aende. Wewe panda. Likichomoka, lichomoke na wewe ukiwemo."

Nikampungia wa bodaboda mkono, nikapanda. Alinikalisha upande wa kulia, nyuma ya gurudumu nililofunga, na akaendesha huku akinitazama kwenye kioo kila tulipogonga jiwe. Mama mzee alianza kuniuliza habari za shangazi zangu. Nilimjibu nusu nusu. Masikio yangu yote yalikuwa chini, kwenye zile boliti. Nilizihesabu upya moyoni, niliikaza hii, niliikaza ile, na ya juu je? Nilikuwa nimefunga magurudumu mengi sana maishani, lakini hata moja sikuwahi kuondoka nalo. Siku hiyo, kutoka pale kwenye kalavati mpaka mbele ya zile ofisi mpya, niliushuku mkono wangu mwenyewe kuliko Kabula alivyonishuku.

Tulifika. Alishuka, akalizunguka gurudumu, akajaribu kila boliti kwa vidole, na akaniambia spea ninunue nitakapoona mimi panafaa, nimletee.

Wadogo zangu, mkono umechoka. Ninachotaka kujua ni hiki. Nyinyi mnaofunga magurudumu sasa, mteja asipokuamini, na unajua anaondoka na hatari, unamwambiaje? Mimi nilipata mama yake. Wengine hawaji na mama. Niandikieni, hata kwa mwandiko mbaya kuliko huu, mumpe barua yule aliyewapa hii. Nami nitaisoma polepole kama ninavyoandika, na sitaonyesha mtu.